Katekista na Mfuko wa Mwalimu

Nesi Rahima alikisoma kipimajoto, akakipangusa, akakisoma tena, halafu badala ya kumwangalia mgonjwa akamwangalia Huruma. Huruma akajua palepale. Upasuaji haupo.

"Thelathini na tisa na kitu," nesi akasema. "Na mkojo wenyewe mchafu. Kwa hali hii daktari hamgusi."

Mgonjwa, yaani Mwalimu Cuthbert, baba yake Huruma, alikuwa amekaa kitandani na shati lake jeupe la kanisani. Kanyoa ndevu. Kachana zile nywele chache zilizobaki. Alisema yeye hawezi kupasuliwa akiwa rafu. Miezi miwili mizima mzee huyu alikuwa na mpira. Tezi dume ilivimba ikamfungia njia, mkojo ukagoma kabisa, wakampitishia mpira kwa chini mpaka kwenye kibofu, upande wa pili ukaishia kwenye mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia. Mpira ulikuwa wa muda tu, mpaka afanyiwe upasuaji. Na daktari bingwa wa kazi hiyo haishi Masasi, anakuja kwa msimu kama kumbikumbi. Siku ya Mwalimu ilikuwa leo. Na leo ndiyo homa imeamua kuja.

"Daktari anarudi lini?" Huruma akauliza.

"Wiki tano. Namwandika tena. Ila Huruma, nikwambie ukweli, akija tena na maambukizi tunamruka, tunachukua anayefuata. Na maambukizi yakikaa yanapanda kwenye figo. Huko sasa hakuna cha kusubiri daktari bingwa, huko tunaita ndugu."

Nesi akaanza maswali na Huruma akawa anajibu kama mwanafunzi aliyesoma. Mikono tunanawa, kwa sabuni. Mfuko tunaumwaga kabla haujajaa. Hatuunyanyui juu ya kiuno. Pale mpira unapoungana na mfuko hatufungui ovyo.

"Mifugo ndani?"

"Hakuna," Mwalimu akawahi.

"Usiku analala na nani? Isije ikawa mtoto anauvuta."

"Nalala na Katekista," Mwalimu akasema. Homa ilikuwa imeshamlegeza ulimi.

Kalamu ya nesi ikasimama. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka taratibu, akajilaza vizuri kwa ubavu ili asikie.

"Katekista ni paka," Huruma akasema haraka.

"Afadhali angekuwa katekista mwenyewe," nesi akasema. "Yule angalau ananawa mikono. Huyu wenu analamba nini?"

"Kila kitu."

"Basi asikae chumba kimoja na huu mpira. Mate yake, manyoya yake, kucha zake, vyote sivitaki. Mwalimu, nisikilize. Huo mpira ni barabara ya lami kutoka nje mpaka ndani ya kibofu chako. Kijidudu hakipandi mlima, hakiulizi njia. Kinateleza tu."

Mwalimu akafumba macho. Alikuwa mtu wa kufundisha, si wa kufundishwa, hasa na binti ambaye hata mama yake alifundishwa kuandika na yeye.

Sasa huyo Katekista mwenyewe. Lilikuwa dume la rangi ya majivu lenye kichwa kama ngumi, na jina alipewa na marehemu Mama Ida, mke wa Mwalimu, aliyemwokota nyuma ya kanisa akiwa mdogo kama embe. Kila asubuhi wakikaa kusali, paka anakuja anakaa mbele, wima, anawakagua mmoja mmoja mpaka amina. Mama Ida alipofariki, mwaka juzi, Katekista akahamia kitandani, upande uleule wa mama. Tangu siku hiyo ukimgusa Katekista umemgusa marehemu.

"Paka anaishi hapa," Mwalimu alisema waliporudi nyumbani kwao Mkomaindo, homa ikiwa imeshuka kidogo kwa sindano. "Na mimi naishi hapa. Anayeona kero, Masasi ni kubwa."

Huruma hakubishana. Lakini kuna kitu kilikuwa kinamtekenya. Chumbani alikuwa analinda kama askari, kila usiku anamtoa paka, anarudi, anamtoa. Sasa maambukizi yaliingilia wapi?

Jibu lilikuja Alhamisi, pamoja na akina mama wa kanisa.

Walikuja sita kumwona mgonjwa, wakiongozwa na Mama Edmund, mwanamke ambaye akianza kuomba hutaja kila anayemfahamu, mpaka waliohamia Tunduru. Mwalimu aliwapokea sebuleni, kwenye kiti chake, suruali imenyooshwa, mgongo umesimama. Huruma akiwa mlangoni mwa jikoni na sinia la chai akaangalia miguu ya baba yake. Akaangalia tena. Mfuko haupo.

Mpira ulitoka kwenye mguu wa suruali, ukapita nyuma ya kiti, ukaingia kwenye kikapu kilichofunikwa kitenge cha Mama Ida. Na kile kikapu Huruma anakifahamu. Ni kitanda cha mchana cha Katekista.

"Tufumbe macho," Mama Edmund akasema.

Wakafumba. Huruma hakufumba, kwa sababu kitenge kilikuwa kinapumua.

Mama Edmund alikuwa amefika kwa wagonjwa wa Ndanda pale kitenge kilipoinuka upande mmoja na mkono wa rangi ya majivu ukatoka, ukaupapasa mpira. Ukaugonga. Mpira ukacheza. Mkono ukafurahi, ukaugonga tena. Mwalimu akafumbua jicho moja. Katekista akaukumbatia mpira kwa mikono miwili, akajilaza chali, akavuta.

Wanaume wanaosoma hapa waruke mstari huu. Mwalimu alinyooka kwenye kiti kama mtu aliyeitwa jina mahakamani. Hakupiga kelele, kwa sababu maombi yalikuwa yanaendelea na yeye ni mtu wa kanisa. Akang'ata mdomo. Machozi yakaanza kumtoka, mawili, manne, mpaka kwenye kola.

Mama Edmund naye akafumbua jicho, akaona yale machozi, akaona maombi yanafanya kazi. Akaongeza sauti na akarudia wagonjwa wa Ndanda.

Huruma aliweka sinia chini, akatambaa nyuma ya viti kwa magoti, akamkamata Katekista shingoni na kutoka naye nje. Wageni walipoondoka, Mama Edmund akisema hajawahi kuona mzee aliyeguswa vile, Huruma akafunua kitenge. Kikapuni kulikuwa na mfuko wenye tundu la jino linalovuja tone kwa tone, na pale kwenye kiungo cha mpira manyoya yalikuwa yameganda kama nyasi kwenye tope. Mfuko ulikuwa vuguvugu. Kumbe ndiyo maana. Paka alikuwa amepata chupa ya maji ya moto isiyopoa.

"Baba, tangu lini?"

"Tangu wageni walipoanza kuja."

"Wageni wanakuja kila siku."

"Basi ndiyo tangu hapo." Mwalimu akaangalia dirishani. "Huruma, wale wote nimewafundisha. Huyo Mama Edmund nilimwadhibu darasa la nne kwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni mara tatu kipindi kimoja. Leo nikae mbele yake mkojo wangu unaning'inia kama taa?"

Huruma alitaka kukasirika akashindwa. Akampeleka kwa nesi Rahima kubadilishiwa mpira na mfuko. Nesi akayaona yale manyoya. Alivua glovu, akaandika, kisha akanyoosha vidole vinne. Wiki nne zimebaki.

Ndipo vita ikaanza. Huruma alifunga milango, Katekista akapita juu, pale bati linapokutana na ukuta. Akaziba juu, akapita dirishani. Akamwita Faruku, dereva wa bodaboda wa pale kona, akamkabidhi paka ndani ya kiroba cha salfa ya mikorosho ampeleke Lisekese, kwa kaka yake Huruma mwenye shamba.

"Mfuko umefungwa vizuri, dada?" Faruku aliuliza.

"Kamba mbili."

Faruku alirudi na mikwaruzo kuanzia sikioni mpaka begani, akasema mzigo umefika ila yeye biashara ya paka ameacha. Kesho yake mchana, saa ya ugali, Katekista akaingia mlangoni kwa miguu yake, wa njano kwa salfa, anapiga chafya, na vumbi lote la kutoka Lisekese limo mwilini. Akaenda moja kwa moja akaruka mapajani kwa Mwalimu, juu ya mpira mpya.

Baada ya hapo Mwalimu akaacha kusema na binti yake. Alikuwa anasema na paka.

"Katekista, mwambie huyo mama chai haina sukari."

"Baba, nipo hapa."

"Mwambie namsikia."

Huruma alikaa kwenye kizingiti cha jikoni akahesabu siku. Ishirini na tatu. Akimtupa paka mbali zaidi, mzee atagoma kula. Akimwacha, mzee atarudi hospitali na homa, wamruke, na mara ya tatu sijui kama itakuwepo. Nani duniani anaweza kumnyang'anya Mwalimu Cuthbert kitu na Mwalimu akakaa kimya? Mchungaji hawezi. Mkuu wa wilaya hawezi.

Akachukua simu akampigia shangazi Stamili, Makote, kule Newala.

Shangazi Stamili ni mtoto wa mjomba wake Mwalimu. Maana yake ni mtani wake, na huku kusini mtani hana mahakama. Akija akabeba jogoo wako, unacheka. Akikaa kwenye kiti chako akavaa kofia yako, unacheka. Ukinuna umejiaibisha wewe na ukoo. Ukitaka chako kirudi unakikomboa, kwa masharti anayotoa yeye. Msibani kwa Mama Ida ni huyuhuyu Stamili aliyevaa koti la Mwalimu, akashika fimbo, akawasimamisha waombolezaji mistari miwili akawafundisha kujumlisha, anayekosea anapigwa kofi la mgongo. Mwalimu, ambaye alikuwa hajala siku mbili, alicheka mpaka akaomba uji.

Alifika Jumamosi asubuhi na kikapu cha makopa ya muhogo kichwani, mwembamba, meno mawili ya mbele hayapo na hayamhusu.

"Shikamoo shangazi," Huruma akapokea kikapu.

"Marahaba mwanangu. Iko wapi maiti niliyoambiwa?"

"Nipo hapa, mchawi wewe," Mwalimu akajibu kutoka sebuleni, na sauti yake ilikuwa na uhai kuliko wiki nzima. "Umeoga au umekuja hivyohivyo? Maana huko kwenu Newala maji mnayasikia redioni."

"Sisi tuna shida ya maji, ni kweli. Ndiyo maana nimekuja kukuangalia wewe unayetembea na dumu lako." Akainama akautazama mfuko. "Hee. Na humo hachoti mtu mwingine?"

Majirani walishaanza kusogea. Mzee Arthur wa nyumba ya pili alikuja na kiti chake kabisa.

Stamili akanywa chai, akala mihogo, akamtukana Mwalimu na ukoo wake kwa upande wa baba. Halafu akasimama, akamwaga makopa yake kwenye beseni la Huruma, akamnyanyua Katekista kutoka kitini, akamtumbukiza kikapuni, akafunga juu kwa khanga. Haraka kama mtu anayechuma korosho. Katekista, aliyemchana Faruku kwa safari ya dakika kumi, alitulia tuli.

"Weka chini," Mwalimu akasema.

"Nini?"

"Stamili, nasema weka chini huyo mnyama."

"Sema tena, na hasira hiyohiyo, mashahidi wasikie. Mzee Arthur, umesikia? Mwalimu ananuna kwa utani."

Mwalimu akaangalia majirani, akaangalia kikapu. Akashika mkono wa kiti ainuke, akakaa tena. Huruma aliona, na kwa sekunde moja alitamani asingepiga ile simu.

"Nimecheka," Mwalimu akasema, bila kucheka. "Taja masharti."

"Nyumbani kwangu nyuma kuna mkorosho umekataa kuzaa mwaka wa tatu huu. Nimeupigia salfa, nimeutukana, wapi. Sasa utakuja Makote wewe mwenyewe. Bila dumu. Utasimama kwenye huo mkorosho kwa miguu yako, utakojoa kwa nguvu zako kama mwanaume, mimi nikisikia. Ndipo nakupa paka wako."

Mzee Arthur alianguka na kiti chake.

Mwalimu alingoja vicheko viishe. "Atakula nini?"

"Panya. Panya wa Makote wananenepeshwa na korosho, si hao wenu wa mjini wanaokula mifuko."

Basi, kuanzia siku ile Mwalimu akawa mgonjwa ambaye nesi Rahima anamtolea mfano. Ananawa mikono mpaka kwenye kiwiko, kabla na baada, na sabuni akiipitisha kwenye kila kucha kama anaisahihisha. Akaandika saa za kumwaga mfuko ukutani kwa chaki. Kitanda Huruma alikisugua, godoro likachomwa na jua siku tatu, kikapu kikatiwa moto. Na mfuko Mwalimu akauning'iniza mwenyewe kwenye ndoano ubavuni mwa kiti, chini ya kiuno, mbele za watu. Mama Edmund alipokuja tena macho yakamtoka.

"Huo ni mkojo, Mama Edmund," Mwalimu akasema. "Endelea na maombi."

Shangazi Stamili alikuwa anatuma picha kwenye grupu la ukoo. Katekista kwenye ghala. Katekista na panya mdomoni. Mwalimu alikuwa anachukua simu ya Huruma, anaivuta picha kwa vidole viwili mpaka lionekane sikio tu.

"Amekonda."

"Amenenepa, baba. Angalia shavu."

"Huo ni uvimbe wa mawazo."

Wiki ya mwisho aliamka siku moja akasema anasikia baridi, na Huruma akakimbilia kipimajoto. Akampima. Thelathini na sita na nusu. Upepo ulikuwa mkali usiku kucha, ilikuwa baridi tu ya watu wote. Huruma akaenda nyuma ya nyumba akalia kidogo, akarudi kupika.

Siku ya daktari mkojo ulikuwa msafi. Akapasuliwa. Siku chache baadaye nesi Rahima akautoa mpira, akampa maji anywe, akamwonyesha choo. Wodi nzima ya wanaume ikawa inasubiri, kuna waliokaa kabisa vitandani. Mwalimu aliingia, akakaa huko dakika kumi, akatoka uso hausomeki.

"Vipi?" nesi akauliza.

"Gari la Newala linaondoka saa ngapi?"

Wodi ikashangilia. Nesi akamnyima gari kwa wiki sita, mpaka kidonda cha ndani kipone.

Walisafiri Oktoba, mabibo yameshaanza kuiva. Mwalimu alipanda gari na chupa mbili kubwa za maji na akazimaliza kabla hawajaanza kupanda mlima.

"Baba, unafanya nini?"

"Najiandaa."

Gari linapanda kona baada ya kona, linaruka mashimo, na Mwalimu amekaa amebana magoti, jasho linamtoka. Dereva alisema anaweza kusimama dakika moja, mzee ajisaidie.

"Endesha," Mwalimu akasema. "Huu una mwenyewe."

Makote walimkuta shangazi Stamili uani na wanawake watatu wa jirani. Mwalimu hakumsalimia mtu. Alipita katikati yao kwa hatua fupifupi, akauzunguka ukuta wa nyumba, akaufikia mkorosho, akasimama. Stamili akawaamuru wote wageuke. Wakageuka wakaangalia barabarani.

Kimya. Kuku mmoja. Kimya tena.

"Mnasikiliza," Mwalimu akalalamika. "Mkisikiliza hautoki."

"Ongeeni jamani," Stamili akasema, na wanawake wakaanza kuongea wote kwa pamoja, bei ya sabuni, harusi ya nani sijui, maneno tu. Huruma hakuongea. Alikuwa amesimama amegeuza mgongo, mikono imebana pochi, anasikiliza kwa mwili wote. Halafu akausikia. Mwanzo kwa kusitasita, kisha ukakaza, ukaanguka kwenye majani makavu mfululizo bila kukatika. Wanawake wakanyamaza mmoja mmoja.

Mwalimu alirudi anafunga kifungo, akamkuta Stamili ameshamleta Katekista, ameshiba, kifua kama cha jogoo. Akanyoosha mikono. Paka akamnusa vidole, akamwangalia usoni, akashuka taratibu kutoka mikononi mwa Stamili na kwenda zake chini ya ghala.

"Kakununia," Stamili akasema kwa upole. "Paka hajui utani."

Mwalimu akavua viatu. Akakaa chini kabisa, kwenye mchanga, kando ya ghala, na hiyo suruali yake ya kitambaa, akainamisha kichwa na kuanza kuita kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa anaitumia Mama Ida asubuhi. Chini ya ghala macho mawili yalikuwa yanamwangalia bila kusogea.

Dereva, aliyekubali kuwasubiri kidogo, akapiga honi barabarani. Huruma akatoka akamwambia aende tu, asiwasubiri.